Re: Kwa nini Nvidia wanang'ang'ania kuiuzia China chipu?
Mkuu, Nvidia ni kampuni ya Marekani inayobuni chipu za akili bandia (AI), na ni kweli China ni mshindani wa Marekani. Ila hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, ukimnyima mtu mashine ya mtumbwi haachi kuvua. Anatafuta kwingine, na hela ya spea unaikosa.

Marekani ilibana uuzaji wa chipu kali za AI kwa China Oktoba 2022, Nvidia wakatoa chipu za A800 na H800 zilizopunguzwa nguvu, nazo zikazuiwa 2023. Aprili 2025 ikawa zamu ya H20, chipu nyingine iliyopunguzwa nguvu kwa ajili ya China: wakaandika hasara ya dola bilioni 4.5, kwa sababu ya mzigo uliokosa mnunuzi. Gharama kubwa ya chipu iko kwenye kuibuni, kwa hiyo kila kipande cha ziada kinachouzwa kinalipia utafiti wa ijayo. Huku Huawei, kampuni ya China yenye chipu zake, wakaachiwa soko la nyumbani.

Suala la chipu kutumiwa na jeshi la China, hapo serikali ya Marekani ina hoja. Mimi ningewauzia chipu ya mwaka juzi, si mpya kabisa.