Uliza Ujibiwe: "Ticha kasema mwanangu mzito"

SWALI: Shikamoo bibi. Mi niko Makorora hapa Tanga, nna mtoto wa kiume yuko la tatu, tangu la kwanza kusoma kunamsumbua, ticha wake kaniita kasema mtoto mzito, arudie darasa au nimtafutie shule ya watoto maalumu. Mi nyumbani namuona ana akili tu, redio ikiharibika anaifungua mwenyewe na inaongea. Ila ukimtuma ndimu anarudi na ndizi. Halafu udogoni alikuwa anatoka usaha masikioni ukakauka wenyewe. Nikiuliza shule watamsaidiaje naambiwa mama elimu bure hii unataka nini tena. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la usaha umelipachika mwisho kama la kupitia tu, mie ndo ningeanza nalo. Usaha kukauka haina maana sikio limepona, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka mtoto anaweza akawa anasikia nusunusu, sauti inamfika ila maneno yanamchanganyikia, na ndimu na ndizi ndo hizo hizo. Sasa mweke kwenye darasa la watoto wengi, kelele, ticha anaongea kageukia ubao, atajifunza kusoma saa ngapi? Simlaumu ticha sana, darasa kubwa lile, ila "mzito" sio kipimo.

Kabla ya kurudia darasa mpeleke hospitali ya Bombo apimwe masikio, na macho hapohapo usisubiri safari nyingine. Usimtie mafuta ya nazi wala kitu chochote sikioni, najua kwetu huku ndo dawa ya kwanza. Cheti cha daktari toa kopi, moja yako moja ya mwalimu mkuu, na uombe kwa barua sio kwa mdomo, maneno ya mlangoni hayana faili. Omba vitu vinavyofanyika: akae mbele, upande wa sikio linalosikia vizuri, ticha amwangalie usoni anapoongea, maelekezo yaandikwe ubaoni. Daktari akisema anahitaji shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, hapo ndo tuanze kuongelea hela.

Na hao wa elimu bure, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na apewe huduma za kumsaidia kujifunza na mwalimu mwenye ujuzi au aliyepangiwa kazi hiyo. Kwa hiyo huombi fadhila. Wakikuzungusha nenda halmashauri ya jiji muulizie afisa wa elimu maalumu, kazi yake hiyo.

Kama masikio na macho yatakuwa mazima, usikate tamaa, wapo watoto akili zao nzuri tu ila herufi zinawasumbua, hao wanataka kufundishwa taratibu na kwa kurudiarudia, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu anajua pa kuanzia. Kurudishwa darasa kukaa na mafundisho yaleyale sioni kutamsaidia nini.

SWALI: Bibi shikamoo, binti yangu ana uoni hafifu, mwakani anaingia la saba. Ndugu wanasema nimpeleke Irente kule Lushoto akakae bweni. Naogopa kumhamisha, ila mtihani nao ndo unanitisha. Baba wa Mabawa.

JIBU: Marahaba baba. Irente ni shule ya wasioona, wanasoma kwa nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Binti yako anaona, ila kidogo, kwa hiyo usimbebe tu kwa sababu shangazi zake wamesema. Karibu zaidi hapo Pongwe kuna shule inayopokea watoto wasioona na wenye ualbino, kaongee na walimu wake hata kama humhamishi, watakupa akili.

Mtihani usikutishe, baraza la mitihani huwa linaandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na wanaongezewa muda. Tatizo ni moja, shule lazima imsajili hivyo mapema, karatasi haikuzwi asubuhi ya mtihani. Usajili ukianza tu nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu ukaone jina lake limeandikwaje. Na aanze kuzoea sasa hivi, majaribio ya darasani nayo wamkuzie maandishi, kopi za stationari sio hela nyingi.

Ukienda kwa daktari wa macho tuandikie tena amesema nini, na useme binti anasoma maandishi ya ukubwa gani, maana hilo hukulitaja.