Mama yao ameolewa: je, nafaka (matunzo) ya watoto bado iko juu yangu?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh wangu. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Tanga. Mke wangu tuliachana mwaka juzi, na watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 5, wako kwa mama yao, mtaa wa Makorora. Mwaka huu ameolewa. Alinipeleka ustawi wa jamii, tukaandikishana nitoe shilingi 80,000 kila mwezi. Nilitoa miezi mitatu, kisha nikaacha, na sasa ni miezi minne sijatoa. Naona pesa zinaliwa na mume wake, na watoto nikiwataka mwisho wa wiki sipewi. Mimi nami nimeoa, na pato la bahari unalijua. Je, kwa sharia yetu bado nadaiwa? Na yale makaratasi ya serikali yana uzito gani mbele ya Allah?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, ndiyo, unadaiwa. Nakujibu mapema nisikuzungushe, maana watoto wanataka kula leo.

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah anawataja wanawake wanaonyonyesha, kisha anasema chakula chao na mavazi yao yako juu ya “al-mawludu lahu”, yaani yule aliyezaliwa mtoto kwa ajili yake. Hakutumia neno baba. Wanazuoni wamesimama sana hapa: mtoto anaitwa kwa jina lako, ukoo ni wako, basi na gharama ni yako. Na ikiwa mnyonyeshaji analishwa kwa sababu ya mtoto, mtoto mwenyewe atakosaje? Aya hiyo haikuweka sharti kwamba wewe na mama yake muwe mnasalimiana.

Sasa hili la kuolewa. Kwenye mabaraza yetu watu huchanganya mambo mawili. Kuolewa kwa mama kunagusa malezi, hadhana. Mtume (s.a.w.) alimwambia mwanamke aliyetaka kunyang’anywa mtoto na mumewe wa zamani: wewe una haki naye zaidi maadamu hujaolewa. Ameipokea Abu Daud. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mama akiolewa zamu huhamia kwa bibi mzaa mama. Ukitaka kulisemea hilo, mlango upo, lisemee. Lakini nafaka haikuhama. Watoto wakae kwa mama, kwa bibi au kwa shangazi yao, mlipaji ni wewe. Yule bwana aliyemuoa hana wajibu wowote kwa wanao. Anachowapa ni sadaka yake. Miezi minne hii wamekula chakula cha nani, mwanangu? Basi pima mwenyewe nani anakula cha mwenzake.

Kuhusu kutopewa watoto mwisho wa wiki, mama yao anakosea, na akiniuliza nitamwambia vilevile. Aya hiyohiyo inasema mama asidhuriwe kwa mtoto wake, wala baba kwa mtoto wake. Ipeleke haki yako ya kuwaona palepale mlipoandikishana. Usiifanye sahani ya mtoto kuwa rehani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naliona chuoni kwangu, madrasa ninayosomesha. Kuna mtoto alikuwa hajaleta mchango wa chuo, shilingi 2,000. Nikamuuliza. Akasema mama kamwambia akachukue kwa baba yake, mtaa wa Sahare. Kaenda kwa miguu, baba kamjibu, mwambie mama yako amwombe mumewe. Karudi Makorora na jibu lile, akalisema vilevile mbele ya mama yake na mbele ya baba wa kambo. Siku ya pili alikuja na juzuu yake kwapani, akakaa nyuma kabisa ya mkeka, asiulizwe tena. Baba yake yu hai, ana nguvu, na ijumaa tunasali naye.

Nirudi kwenye bahari. Hapa sharia imekuhurumia. Suratu Talaq, aya ya 7: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa na Allah. Mafaqihi wetu wanasema nafaka ya watoto hutoka katika kinachozidi chakula chako na cha mkeo cha siku hiyo na usiku wake. Ndiyo, mkeo wa sasa ametangulia, lakini kwa chakula chake na stara yake, si kwa kila anachotamani dukani. Mtoto atakayezaliwa naye hatakuwa na daraja kuliko hawa wa Makorora. Na mwenye nguvu za kuchuma halali analazimika kuchuma kwa ajili yao. Mbalamwezi ikiwaka na boti za taa zimelala, kuna nyavu za kushona na mizigo ya kubeba.

Tena, kwa nini mkubaliane kwa mwezi wa ofisini? Dagaa wanafuata giza la mwezi, na miezi yetu sisi Waislamu nayo ni ya kuandama. Rudi ustawi, omba malipo yawe giza linapokwisha, mnapogawana mafungu. Kama unachelea pesa kuliwa, peleka mchele, unga na mafuta, na sare na madaftari uwanunulie mwenyewe. Shule ya serikali haina ada, ila daftari halishuki kutoka mbinguni.

Makaratasi yana uzito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, inamtaka mwanamume awatunze watoto wake kwa makazi, mavazi, chakula na elimu kadiri ya uwezo wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka wajibu huo, na mtoto kwayo ni aliye chini ya miaka 18. Sioni mgongano na sharia yetu hapo. Kadhi wetu huku bara anasuluhisha na kunasihi, hana askari wa kukulazimisha, kwa hiyo mama akienda mahakamani kudai ambacho Allah amekiwajibisha, hana dhambi. Hindi bint Utba alimshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, akaambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Imo katika Bukhari na Muslim.

Limebaki suala la miezi minne usiyotoa. Sitakuficha: katika fiqhi ya Shafii nafaka ya mke iliyopita huwa deni, ya mtoto haiwi deni mpaka kadhi aipitishe. Usiifurahie. Wewe ulitia saini, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao. Na kuna hadithi kwa Abu Daud: inamtosha mtu dhambi kuwapoteza anaowalisha. Kwa hiyo naona uilipe. Ni shilingi 320,000. Ukiongeza 40,000 juu ya nafaka ya kila giza, kwa miezi minane umemaliza. Anza na giza hili, na ukienda Makorora nenda mwenyewe, usimtume mtoto.

Wallahu a’lam.