Mwalimu, hii hesabu ya onlaini nitaiweza?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Houston, Texas. Nilizaliwa Fizi nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, shule nimesomea humohumo kambini kwa mtaala wa Kongo, Kiingereza nimekikuta ukubwani. Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee, zamu tatu za usiku kwa wiki, masaa 12 kila zamu, na nataka sana kuwa nesi. Nimeenda koleji ya jamii wameniambia hesabu ni lazima, wakanionesha aljebra na nyingine inaitwa Quantitative Reasoning, yaani kufikiri kwa namba, hiyo ipo onlaini, kuna ya wiki 16 na ya wiki 8. Rafiki yangu anasema chukua hiyo ya pili, ni hesabu za sokoni tu, na chukua ya wiki 8 umalize haraka. Mimi hesabu mara ya mwisho nilifanya miaka 11 iliyopita na naogopa. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Houston*

Marahaba mwanangu, na hongera, maana mtu anayegeuza wazee kitandani usiku kucha halafu asubuhi anawaza shule huyo anastahili jibu lililonyooka.

Kabla ya yote rudi kwa mshauri wa koleji, ila usimuulize ipi rahisi, muulize programu ya unesi unayoitaka inapokea hesabu ipi, na akujibu kwa imeili uwe na maandishi. Koleji za jamii za Texas zinatumia namba za kozi zinazofanana: MATH 1332 ndo hiyo unayoisema, 1314 ni aljebra, 1342 ni takwimu. Sa programu za unesi hazifanani, kuna inayokubali hii na kuna inayotaka ile, na ukikosea hapo unaweza kupata A safi kabisa halafu ukaambiwa haihesabiki, ada imeenda, miezi minne imeenda. Kama unesi wako unataka 1342 basi soma 1342 hata rafiki aseme nini. Watakupa pia mtihani wa TSI wa kupima kiwango, na ukiwa chini kidogo usilie, siku hizi kuna darasa la msaada linaloenda sambamba na kozi yenyewe muhula huohuo.

Haya, tuseme 1332 inakubalika. Hizo siyo hesabu za sokoni, hapo rafiki yako kakupunja. Miaka mingi aljebra ndo ilikuwa geti, mtu anasomea kazi ambayo hatogusa x maisha yake yote lakini anakwama hapohapo hadi anaacha chuo, ndipo kuanzia 2012 kituo cha Dana cha Chuo Kikuu cha Texas pale Austin pamoja na koleji za jamii za jimbo hilo wakaanza kutengeneza njia nyingine za hesabu, kila mtu asome inayolingana na anachosomea. Ndani utakuta asilimia, riba, mikopo, vipimo, grafu, uwezekano, na takwimu kidogo. Kukokotoa kwenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na fomula chache. Kazi iko kwenye kusoma, unapewa aya nzima ya maneno na wewe ndo uamue nini kizidishwe na nini. Ukisikia asilimia yoyote jiulize kwanza: ya nini?

Chukua mfano wa kazini kwako. Tuseme mtu anafanya masaa 40, wamemkata asilimia 20, mwezi unaofuata wanamwambia tumekurudishia asilimia 20. Karudi palepale? Hajarudi. Asilimia 20 ya 40 ni 8, kabaki na 32. Asilimia 20 ya 32 ni 6.4, kwahiyo sasa ana masaa 38.4. Asilimia ni ileile ila ya kwanza ilikuwa ya 40 na ya pili ni ya 32, na hapo saa moja na zaidi imepotea kila wiki bila mtu kudanganya popote.

Au krediti kadi, hii naomba uisome polepole hata kama kozi hutoichukua. Una deni la dola 1,000, riba asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 20. Ukilipa dola 25 umepunguza deni kwa dola 5 tu! Ukiendelea na 25 kila mwezi, na usinunue tena kitu chochote, utamaliza baada ya karibu miaka 7 na utakuwa umelipa kama dola 2,030. Ukilipa 50 kila mwezi unamaliza kwa miezi 26 hivi na jumla ni kama dola 1,290. Umeongeza dola 25 tu kwa mwezi ukaokoa zaidi ya dola 700. Hiyo ndo hesabu watakayokufundisha, na watakudai uandike sentensi kamili kueleza kwanini, ndo maana ya hilo neno reasoning.

Na najua unatuma hela kwa ndugu waliobaki Kigoma. Tuseme wakala mmoja hana ada lakini anabadilisha dola kwa shilingi 2,450, mwingine anakata dola 4 lakini anabadilisha kwa 2,500. Wengi wanakimbilia asiye na ada. Piga: dola 100 kwa wa kwanza ni shilingi 245,000, kwa wa pili zinabaki 96 ambazo ni 240,000, wa kwanza kashinda. Dola 200 wote wanakupa 490,000, sare. Dola 400 wa kwanza anatoa 980,000 na wa pili 990,000. Hakuna wakala wa bei rahisi moja kwa moja, inategemea unatuma ngapi. (Viwango hivyo nimeweka mimi kwa mfano, wewe weka vya siku hiyo.)

Sasa kitakachokusumbua kweli ni lugha. "20% of" unazidisha, "20% off" unapunguza, herufi moja tu ya f na jibu limegeuka, koti la dola 80 kwa la kwanza unatafuta 16 na kwa la pili unalipa 64. Halafu wewe umesoma kwa mtindo wa Kifaransa, koma ilikuwa ya desimali na maelfu yanatengwa kwa nafasi au nukta, Marekani koma ndo ya maelfu na nukta ya desimali, 1,500 ni elfu moja na mia tano na 1.5 ndo moja na nusu. Ukiandika 6,4 kwenye homuweki ya kompyuta mashine inaweza kukukatalia wakati hesabu yako iko sawa kabisa, na utalia ukidhani hujui hesabu. Na kile mlichoita miliari huku ni bilioni. Ukiona kazi inatakiwa "Monday 12:00 AM" ujue ni ule usiku wa kuamkia Jumatatu, Jumapili saa sita usiku, siyo Jumatatu jioni ukitoka kulala. Kama Jumapili uko zamu basi kwako mwisho ni Jumamosi, andika kwenye friji.

Kuhusu wiki 8 sikubaliani na rafiki yako hata kidogo. Kozi ya krediti 3 ni masaa 3 ya darasa kwa wiki, na kwa kawaida vyuo vinahesabu masaa 2 ya kujisomea kwa kila saa moja ya darasa, hiyo ni 9 kwa wiki ukisoma wiki 16. Jumla 144. Ukizibana kwenye wiki 8 hazipungui, zinakuwa 18 kwa wiki, nusu ya zamu zako zote tatu. Wiki ina masaa 168, toa 36 ya kazi, toa 49 ya kulala masaa 7, zinabaki 83 za watoto, kupika, njiani, kanisani, kila kitu. 9 unaweza kuzipata humo. 18 mtoto akishikwa na homa wiki moja tu umeachwa, na onlaini hakuna mwalimu atakayeona kiti chako kitupu akakuulizia.

Kwahiyo 16. Na miezi miwili kabla anza mazoezi ya bure ya tovuti ya Khan Academy, sehemu na asilimia tu, nusu saa kwa siku. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, hapohapo Houston kwenu, wana vitabu vya bure vya koleji na cha kozi hii kimo, kisome kwa sauti ukiwa na daftari. Uliza pia kama mtihani unasimamiwa kwa kamera, maana wengine wanataka chumba kisiingie mtu na wewe una watoto wawili, bora ujue mapema ukaombe kufanyia kwenye kituo cha mitihani cha koleji.

*Mwalimu, mimi nipo Mwanza nauza dagaa. Hiyo kozi na mimi naweza kusoma kutoka huku? Nimeambiwa nikope 1,200,000 kwa miezi 12, mkopeshaji mmoja wa karibu riba asilimia 2 kwa mwezi, na SACCOS pia asilimia 2 kwa mwezi, nikaona ni sawa tu nichukue wa karibu.*
*Muuza Dagaa*

Ndugu yangu usichukue bado! Asilimia 2 ya nini? Kama yule wa karibu anachaji asilimia 2 ya mkopo wote hadi mwisho, kila mwezi riba ni 24,000, kwa mwaka 288,000. Kama SACCOS wanachaji ya salio lililobaki, na kila mwezi unarudisha 100,000 ya mkopo halafu riba juu yake, mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, wa tatu 20,000, inashuka hivyo mpaka 2,000 mwezi wa mwisho, jumla 156,000. Tofauti ni 132,000, na wote wamekwambia asilimia 2.

Koleji ya Marekani usilipie, mkazi wa nje anatozwa ada kubwa, tumia hivyo vya bure nilivyomtajia dada wa Houston. Ila kesho kabla dagaa hazijaanikwa nenda kwa wote wawili ukaombe jedwali la marejesho la miezi yote 12, uulize na ada ya fomu na bima, atakayekataa kukuandikia muache. Ukiyapata piga picha unitumie tuyajumlishe pamoja.