Mwanangu wa miaka minane ana kilo 36: nimnyime chakula cha usiku?

*Wasomaji wanauliza, wataalamu wetu wa lishe wanajibu*

SWALI: Binti yangu ana miaka minane, urefu sentimita 128, uzito kilo 36. Ndugu wanasema hiyo ndiyo afya, atapungua mwenyewe akikua. Mimi nimeanza kumnyima chakula cha usiku, lakini nikiamka namkuta jikoni anakula gizani. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu*

JIBU: Mama, mrudishie chakula chake leo hii. Mtoto aliyelazwa na njaa akipata upenyo hula maradufu, tena kwa kujificha, na tabia ya kula kwa kujificha ni ngumu kuing'oa kuliko hizo kilo.

Ila ndugu nao wamekosea. Chukua urefu kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe: 1.28 mara 1.28 ni 1.64. Gawanya 36 kwa 1.64, unapata karibu 22. Kwa mtu mzima 22 ni uzito mzuri kabisa, na hapo ndipo wengi hujifariji. Mtoto ana chati yake, ya umri na jinsia. Katika chati za Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka minane akipita 20.6 huhesabiwa kuwa na unene uliopitiliza.

Hata hivyo, kwa kawaida mtoto wa umri huu halazimiki kupungua hata kilo moja. Hurefuka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akifika sentimita 134 akiwa bado na kilo 36, hesabu itasoma 20. Kazi yako ni kuuzuia uzito usipande wakati urefu unaendelea.

Anza na vinywaji, maana huko ndiko faida huonekana mapema. Kopo la soda la mililita 330 lina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Sukari ya kunywa haishibishi. Mtoto akishaimaliza, chakula anakula kilekile. Shirika hilo linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40: kopo moja tu limeshakaribia kuzimaliza. Kama kinywaji chake cha asubuhi kina vijiko vitatu, punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata vyote siku moja, atagoma.

Kisha sahani: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, mayai, samaki au nyama. Mboga zitangulie mezani, njaa ikiwa bado kali. Pakua jikoni, sufuria ibaki huko. Akitaka nyongeza, subirini kama dakika 15, kwa sababu shibe huchelewa kufika. Akiwa bado na njaa, mpe. Milo mitatu na vitafunio viwili kwa saa zinazojulikana, katikati maji tu. Televisheni izimwe wakati wa kula, alale kwa muda wa saa 9 hadi 12, acheze hadi aheme kwa jumla ya dakika 60 kila siku.

Na haya yote ni ya nyumba nzima. Akinywa maji peke yake huku wenzake wanakunywa soda, mmempa adhabu, na atalipiza jikoni usiku.

Mpeleke kwa daktari mapema ukiona ngozi ya shingo au kwapa imekuwa nyeusi na nene, akikoroma huku pumzi zikikatika, akiwa na kiu isiyoisha, au akichechemea kwa maumivu ya nyonga au goti.

SWALI: Juisi tunayokamua wenyewe bila sukari nayo ina ubaya?
*Baba wa mapacha*

JIBU: Glasi moja humeza machungwa matatu hivi. Sukari yote imeingia kwenye glasi, nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Nani angekula machungwa matatu kwa dakika moja? Wape tunda zima, na juisi iwe glasi ndogo pamoja na mlo.

SWALI: Nafundisha darasa la tano. Nimebandika mabango ya lishe, hayasomwi. Nifundishe vipi?
*Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, waambie walete chupa tupu zenye lebo. Weka mezani glasi inayoonyesha ndani, sukari na kijiko cha chai; kijiko kimoja ni gramu 4. Kila kundi lipime sukari ya chupa yake.

Watakosea mahali pamoja, na hapo ndipo penye somo. Lebo ikisema gramu 10, watapima vijiko viwili na nusu na kukaa. Waulize: gramu 10 kwa kiasi gani? Kwa mililita 100, na chupa ni ya 500. Kwa hiyo ni gramu 50, vijiko kumi na mbili na nusu. Waviweke vyote, kimoja kimoja, wakihesabu kwa sauti.

Vipindi vingine viwe vya kuonja mboga, kipande kidogo kama ukucha, bila kulazimisha. Mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula kigeni mara 10 hadi 15 kabla hajakikubali, kwa hiyo usikifute kwenye orodha baada ya sura mbili za kukunjamana. Mizani iache nje ya somo. Mtoto akipimwa mbele ya wenzake, namba yake inageuka jina la utani kabla ya mapumziko.