Uache Mlima, Andika Mizani

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Moshi, kazi niliyoianza miaka sita iliyopita. Ninaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika vyuo vya Stanford na Harvard, Marekani. Mtihani wa GMAT, ule wa waombaji wa vyuo vya biashara, nimekwisha kuufanya. Kinachonishinda ni insha. Rafiki yangu aliisoma ya mwisho, inayolinganisha maisha yangu na safari ya kupanda Kilimanjaro, akasema imeandikwa vizuri lakini hakuniona humo. Aya moja tu ndiyo iliyomfanya aniulize maswali, ile ya msimu nilipokataa kutia saini hesabu kwa sababu uzito wa kahawa tuliyoipokea haukulingana na uliosomwa kiwandani. Nifanyeje? Tena, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilirudia masomo mawili. Je, ninyamaze? — Msomaji, Moshi

JIBU: Dada yangu, rafiki yako amekufanyia bure kazi ambayo wengine huilipia fedha nyingi, na mimi namuunga mkono: uache mlima, andika mizani. Kilimanjaro una mita 5,895 na hauhitaji wewe kuutambulisha. Sisemi hivi kwa kujitenga, kwani mimi mwenyewe niliwahi kufungua insha ya maombi kwa theluji ya Kibo, nikakataliwa, na nilipoisoma tena baada ya mwaka niliona kwamba ingeweza kuandikwa na mtalii yeyote aliyekaa kwetu siku sita.

Soma kwanza maswali yenyewe, maana waombaji wengi hujibu wasichoulizwa. Stanford kwa miaka mingi imeuliza ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwako, na kwa nini. Swali lake la pili ni kwa nini unataka kusoma pale, na insha zote mbili kwa pamoja hazizidi maneno 1,000, wenyewe wakipendekeza takriban 650 kwa ya kwanza na 350 kwa ya pili. Harvard iliacha insha yake moja ndefu mwaka 2024 ikaweka tatu fupi, moja isiyozidi maneno 300 na mbili za maneno 250 kila moja, zinazohusu mwelekeo wako wa kibiashara, namna unavyoongoza wengine, na udadisi uliokukuza. Masharti hubadilika, hivyo yahakikishe kwenye tovuti zao kabla ya kuanza. Utaona kwamba tukio lako la mizani laweza kuingia kote kuwili, lakini si kwa maneno yale yale: Stanford watataka kujua ni nini ndani yako kilichokuzuia kutia saini, na Harvard watataka kuona jinsi ulivyowakabili watu waliokutaka utie.

Sasa rudi ghalani. Kwa nini uzito ulipungua: kahawa ilipokelewa kabla ya kukauka vizuri, mizani ilikuwa na hitilafu, au ni mkono wa mtu? Ulijuaje? Nani alikukasirikia, na ulihofia kupoteza nini? Msomaji wa California au Boston hajui kwamba mkulima wetu hupewa malipo ya awali anapoleta kahawa, kisha husubiri malipo ya pili baada ya mauzo. Usipomweleza hilo kwa sentensi moja, hataelewa kwa nini kilo chache kwa kila gunia ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Ukimweleza kwa sentensi kumi, umeandika ripoti ya ushirika.

Jihadhari pia na adabu tuliyolelewa nayo. Sisi hujificha nyuma ya “tuliamua” na “ilionekana”, kwa kuwa kusema “niliamua” mbele ya wazee huonekana ni majivuno, na tabia hiyo hutufuata hata tunapoandika Kiingereza. Kamati ya udahili haiwezi kukidahili chama kizima. Pale ulipoamua peke yako, sema ni wewe. Pale ulipoogopa au ukakosea, sema vilevile, maana mtu asiyekosea popote katika insha huwa haaminiki. Kama hukuushinda mgogoro ule kikamilifu, usiubuni ushindi. Na wale watakaokuandikia barua za mapendekezo wasikutane na tukio hili kwa mara ya kwanza wanapoulizwa kukuhusu.

Swali la Stanford la kwa nini unataka kusoma huko ni rahisi zaidi ukishaimaliza sehemu hii, kwa kuwa mtu anayejua alichoshindwa kukitatua kwenye chama chake anajua pia anakwenda kutafuta nini. Sifa za chuo waachie wenyewe, wanazijua.

Kuhusu masomo uliyoyarudia, kunyamaza hakutasaidia, kwani nakala ya matokeo yako itayaonyesha. Yaweke kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, si kwenye insha kuu, kwa sentensi tatu au nne: kilichotokea, ulichobadilisha, na alama ulizopata baadaye katika masomo ya hesabu. Mwalimu usimlaumu, hata kama alistahili.