Kabla hujampa mtu kompyuta yenye nota zako

Niliponunua kompyuta mpya, furaha ilinizidi akili. Nilichomeka flashi, nikanakili folda nzima ya nyimbo za kwaya, kisha ile ya zamani nikampa mpwa wangu aliyekuwa anaanza chuo. Wiki ya pili akanipigia: "Anko, nimeipiga Windows mpya, sasa hivi inapaa!" Jioni hiyohiyo ndipo nilipoifungua ile folda, nikitafuta wimbo wa matoleo wa Jumapili. Faili zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyofunguka.

Nawaandikia ninyi mlioanza juzi kuchapa nota za kwaya zenu, ili msipite nilikopita.

Faili zangu ziliishia na .mus, maana zilichapwa kwa Finale ya zamani, programu ya kuchapa nota. Mpaka toleo la 2012 Finale ilihifadhi hivyo; toleo la 2014 likaja na .musx. Kwenye kompyuta mpya nilikuwa na MuseScore, hii ya bure ambayo wengi wenu mmeanzia, na yenyewe .mus haiijui kabisa. Kubadilisha jina la faili mwishoni, kama nilivyojaribu kwa dakika kumi za aibu, hakusaidii kitu. Na tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale. Aliyenayo anaendelea kuitumia, ila asitegemee kwamba kila Windows ijayo itaipokea.

Njia ya kutokea inaitwa MusicXML. Ni faili ambayo Finale, Sibelius, Dorico na MuseScore zote zinaisoma. Lakini kumbuka: lazima itolewe na programu inayoweza kuifungua faili ya wimbo, nayo ikiwa bado inafanya kazi. Kwa hiyo kazi hii hufanyika kwenye kompyuta ya zamani, kabla hujamkabidhi mtu. Finale 27 ina amri ya kugeuza folda nzima kwa mara moja. Mimi ilibidi niende kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa bado na Finale, nikakaa sebuleni kwake jioni mbili nikitoa wimbo mmojammoja huku chai ikipoa.

Sasa, MusicXML hubeba nota, funguo, mapigo na maneno vizuri. Mpangilio wa ukurasa husafiri kwa taabu, na hapo ndipo utajua ulivyokuwa unachapa. Nyimbo ambazo maneno niliyaingiza kama maneno ya wimbo, silabi chini ya nota yake, zilifika salama. Lakini zamani nilikuwa na uvivu: beti za pili na tatu niliziandika kama maandishi ya kawaida, nikazisukuma kwa kipanya mpaka zikakaa chini ya nota. Kwa macho na kwenye karatasi zilipendeza. Zilipohamia MuseScore, zilitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Vivyo hivyo "D.C.", alama ya kurudi mwanzo, niliyoiandika kama neno tu: ilionekana pale juu, ila kompyuta ikicheza wimbo hairudi mwanzo. Basi wewe unayeanza leo, tumia kifaa cha maneno kwa maneno na cha marudio kwa marudio, hata kama unaona kinakuchelewesha.

Siku nyingine utafungua wimbo ukute & mahali pa ufunguo wa sol, ? mahali pa ufunguo wa fa, na œ zimepangana kwenye mistari kama mchwa. Usikurupuke kuifuta. Wimbo ni mzima. Kinachokosekana ni fonti ya nota, kwa faili za Finale za zamani mara nyingi ni Maestro. Ndani ya fonti hiyo, kichwa cha nota nyeusi kimekaa kwenye herufi œ. Weka fonti, nota zitarudi.

Kuhusu flashi: zile zinazozunguka stesheneri zina virusi, na kuna kirusi kinachogeuza folda zako kuwa shotikati za KB 1. Usiifomati kwa hofu. Mara nyingi nyimbo zimo humo humo, zimefichwa tu, na fundi akitumia amri ya attrib huzifichua.

PDF toa ya kila wimbo, uiweke kando. Ndiyo shahidi wako utakapokuwa unalinganisha, kwa sababu kusikiliza peke yake hakutoshi. MIDI, ile faili ya kuchezesha wimbo tu, isikudanganye: inalia vizuri, lakini ukiifungua upya kama nota, utakuta alto imelala ndani ya soprano na maneno mara nyingi hayamo.

Kwangu nyimbo tatu hazikupona, faili zake zilikuwa zimeharibika siku nyingi bila mimi kujua. Nilizichapa upya kutoka kwenye fotokopi za mama mmoja wa sauti ya pili, aliyezitunza kwenye faili la plastiki tangu mwaka tuliouimba kwa mara ya kwanza ule wimbo wa matoleo. Kwenye ukurasa wa pili, juu ya mstari wa alto, alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu amekosea hapa, tunaimba la." Nikapiga kinanda. Ni kweli, ilitakiwa kuwa nota ya la.