Krimu ya kunyolea yenye harufu ya sandali: kipi cha kuogopa kwenye lebo?

Swali: Nanyoa ndevu kila baada ya siku moja na shingo huniwaka. Napenda harufu ya sandali, ila nikisoma lebo za krimu nakuta potassium hydroxide, parfum, BHT na majina mengine ya kutisha. Kuna moja imeandikwa "asilia" na bei yake ni mara tatu ya nyingine. Je, sandali yenyewe imo kweli? Kipi kati ya hivyo ndicho kinachoniunguza, na nichague vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na sandali. Neno hilo mbele ya kopo linatangaza harufu tu. Kiambato hutafutwa nyuma, kwenye maandishi madogo, na majina nitayaandika hapa kama yanavyochapwa ili uyatambue. Santalum Album Oil ni mafuta ya msandali wa India. Santalum Spicatum Wood Oil ni ya msandali wa Australia. Amyris Balsamifera ni mti wa ukoo mwingine kabisa, ingawa harufu yake inakaribiana. Usipoona hata kimoja, ila Parfum au Fragrance, basi huenda tone la mafuta halisi limo ndani ya mchanganyiko huo, lakini sehemu kubwa ya harufu imetengenezwa maabara.

Hilo lisikuvunje moyo. Mafuta ya msandali hutoka kwenye kiini cha shina na mizizi, na mti huchukua miaka mingi kufikia hapo. Msandali wa India umeorodheshwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Ndiyo sababu ya bei. Kwa ngozi yako, hata hivyo, bei hiyo hainunui usalama. Harufu ya msandali inatokana hasa na santalol, na santalol yenyewe inatambuliwa kuwa inaweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Mafuta ya Australia huongeza farnesol, nayo pia inaweza kuleta mzio. Kwa hiyo lipia mafuta halisi kama unapenda harufu yake, lakini usiyalipie ukidhani unanunua dawa ya shingo.

Sasa potassium hydroxide, jina linaloogopwa kuliko yote bila kosa. Krimu ya kupigwa povu kwa brashi ni sabuni laini. Mtengenezaji huchanganya asidi ya mafuta, kama Stearic Acid, na hidroksidi ya potasiamu. Viwili hivyo humalizana na kuwa sabuni. Kiwanda kimoja huandika vilivyoingia chunguni: Stearic Acid, Potassium Hydroxide. Kingine huandika kilichotoka: Potassium Stearate. Krimu inaweza kuwa ileile. Katika krimu iliyotengenezwa vizuri hakibaki kiunguzi cha kukuchoma.

Kinachobaki ni ualikali wa sabuni yenyewe. Krimu za aina hii huwa na pH (kipimo cha asidi na alikali) ya kati ya 9 na 10, wakati ngozi iko karibu na 5. Ngozi nzima huvumilia na kujirudi baada ya saa chache. Ngozi kavu, yenye pumu ya ngozi, au iliyokwanguliwa na wembe, huwaka. Mwenye ngozi hiyo nafuu yake haiko kwenye kubadili harufu, iko kwenye kubadili aina: achukue krimu isiyotoa povu, ile inayopakwa kwa vidole. Utaitambua kwa kukosa hidroksidi na majina ya sabuni mwanzoni mwa orodha; badala yake kuna maji (Aqua), mafuta au glisarini, na Cetearyl Alcohol au Glyceryl Stearate. Cetearyl Alcohol isikutishe, ni nta laini inayolainisha. Inayokausha ni Alcohol Denat., yaani spiriti.

Baada ya aina ya krimu, macho yako yaende kwenye manukato na vihifadhi, yaani vitu vinavyozuia krimu isioze. Hapo ndipo wasiwasi unapostahili kutumika.

Parfum ni neno moja linaloficha viungo vingi, na harufu ya "sandali" ni nadra kusimama peke yake. Huchanganywa na vitu kama Linalool, Limonene, Coumarin au Geraniol. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kwa kutaka manukato 26 yanayojulikana kuleta mzio yaandikwe kwa majina yakizidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuosha, au asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini. Mwaka 2023 orodha ilipanuliwa kupita majina 80, ikaingiza santalol na mafuta ya msandali, lakini bidhaa mpya zinabanwa kuanzia tarehe 31 Julai 2026 na zilizokwisha kuwa sokoni zina muda hadi 31 Julai 2028. Maana yake, lebo ya zamani isiyotaja Santalol haithibitishi kwamba haimo. Nje ya Ulaya lebo inaweza kuishia kwenye Parfum tu, bila jina hata moja chini yake, na hapo huna la kusoma.

Ujanja mmoja wa kusoma: viambato hupangwa kuanzia kingi kwenda kichache, mpaka vinapofika asilimia 1, chini ya hapo mtengenezaji huviweka apendavyo. Phenoxyethanol, ambayo ni kihifadhi, hairuhusiwi Ulaya kuzidi asilimia 1. Parfum ikija baada yake, basi manukato hayazidi asilimia 1. Ikija kabla, huwezi kusema lolote.

Kwenye vihifadhi, jina la kukwepa ni Methylisothiazolinone, pamoja na ndugu yake Methylchloroisothiazolinone. Ulaya imepiga marufuku la kwanza katika bidhaa zinazobaki mwilini na kulibana hadi asilimia 0.0015 katika zinazooshwa, kwa sababu ya wingi wa mzio. Yanayofuata ni yale yanayotoa formaldehidi kidogokidogo: DMDM Hydantoin na Imidazolidinyl Urea. Phenoxyethanol na Methylparaben ni nadra kuleta mzio. Singerudisha krimu nzuri dukani kwa sababu ya hivyo. BHT nayo ina kazi ya maana: huzuia mafuta na manukato yasiharibiwe na hewa. Limonene na Linalool zikishaoksidika huwa chanzo kikubwa zaidi cha mzio kuliko zikiwa mbichi, ndiyo maana krimu iliyokaa wazi bafuni inaweza kukuwasha leo ilhali hapo awali haikukusumbua. Funga kopo, na uheshimu alama ya kopo lililofunguliwa: 12M ni miezi 12 tangu ulipolifungua.

Lakini kabla hujalaumu kiambato, tazama shingo inavyolalamika. Moto unaoanza palepale na kuisha saa chache baadaye ni mkereketo: wembe butu, sabuni, mentholi au spiriti. Mwasho na wekundu vinavyojitokeza baada ya siku moja hadi tatu, pengine na kuvuka eneo ulilonyoa, vinaelekea kwenye mzio. Vipele vigumu vyenye unywele uliojikunja ndani ni ndevu zinazoota kurudi kwenye ngozi. Hata krimu ghali namna gani haiviondoi. Hapo punguza kunyoa karibu mno, fuata ndevu zinakoelekea, na usivute ngozi.

Matumizi mabaya pia huisingizia krimu. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, maana unywele uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo. Krimu ya ukubwa wa lozi moja inatosha. Ongeza maji kidogokidogo mpaka povu lingʼae na liteleze. Povu kavu, lililojaa hewa, huacha wembe ukikwangua. Kwa maji magumu povu hufa haraka na kuacha utando mweupe, kwa sababu kalsiamu hushikana na sabuni: ongeza krimu, au tumia isiyotoa povu. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe, na badili wembe baada ya kunyoa mara tano hadi saba.

Kwa shingo yako ningeanza hivi: krimu isiyotoa povu, isiyo na manukato kabisa, wiki mbili. Soma nyuma, kwa kuwa neno "unscented" mbele linaweza kumaanisha harufu imefunikwa kwa harufu nyingine. Moto ukibaki palepale, chunguza wembe na unavyonyoa. Ukiisha, ijaribu ya sandali, na losheni ya baada ya kunyoa ibaki isiyo na harufu. Losheni hukaa kwenye ngozi iliyochunika siku nzima. Krimu huondoka kwa dakika chache. Anayependa sandali aiweke kwenye kitu kinachooshwa.

Jaribio lifanye hivi: changanya krimu kidogo na maji iwe povu, paka ndani ya kiwiko eneo la ukubwa wa sarafu, acha dakika tano, suuza. Mara mbili kwa siku, siku saba. Ukiweza kumi na nne ni bora. Usiipake ikiwa nzito na kuifunika kwa plasta, kwa kuwa sabuni iliyofunikwa huunguza ngozi ya mtu yeyote na utadhani una mzio. Pakiwasha au kuvimba, acha. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe pamoja na boksi lenye orodha. Atabandika vipimo mgongoni kwa saa 48, kisha ataviangalia vinapobanduliwa na tena siku chache baadaye, kwa kuwa mzio mwingine huchelewa kujionyesha.